Marehemu babu alikuwa Keya huko Burma: tuandike nini kaburini kwake?

Mjukuu wa Lugari (Nakuru)

Wazee wangu na ndugu zangu, salamu. Ninaandika nikiwa Nakuru ninakofanya kazi, lakini jambo lenyewe liko nyumbani Lugari, ambako tulimzika babu yetu mzaa baba mwezi wa nne. Kwa hesabu ya kitambulisho chake alikuwa na miaka mia moja na mmoja, ingawa mwaka huo wa kuzaliwa uliandikwa na karani aliyemkadiria kwa kumtazama usoni.

Babu alizaliwa upande wa Kakamega. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijiandikisha katika jeshi la Waingereza, ambalo askari wake Waafrika waliitwa Keya, akiwa kijana ambaye hajaoa, akasafirishwa kwa gari la moshi hadi Mombasa, akapanda meli hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha akapelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar. Aliporudi alifanya kazi katika shamba la mzungu Njoro, baadaye akaingia karakana ya reli hapa Nakuru, na katika miaka ya 1960 akapata shamba katika skimu ya makazi ya Lugari, ambako alilima mahindi mpaka magoti yalipomkatalia.

Habari za vita hakuzisimulia. Tulichokijua tulikijua kwa kumtazama. Kila jioni akitoka shambani, kabla hajaguswa na mtu wala kupewa chai, aliketi kwenye kigogo nje ya jikoni, akakunja suruali mpaka magotini, akapitisha vidole taratibu kuanzia nyuma ya goti hadi katikati ya vidole vya mguu, mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Sisi watoto tulidhani ni namna yake ya kusali. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima siku nilipothubutu kumuuliza, akanijibu neno moja tu: "Ruba." Lugari hakuna ruba wa kutisha mtu, nanyi mnajua.

Jambo jingine ni namba. Mtu wa ofisi akimuuliza jina, babu alitaja kwanza namba yake ya jeshi, ndipo akataja jina. Alifanya hivyo benki, kliniki, hata siku maafisa walipokuja kijijini kuandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba mwaka 2019. Sisi wajukuu tuliifanya namba hiyo kuwa wimbo wa kurukia kamba. Sasa shangazi zangu wawili wanaiimba kwa tarakimu mbili za mwisho zisizolingana, na hakuna anayekubali kuwa ndiye aliyekosea.

Katika wiki zake za mwisho aliacha kusema Kiluhya kabisa. Alizungumza Kiswahili cha kambini, kile cha amri fupi fupi, na aliyeingia kumgeuza kitandani alimwita "afande", hata bibi yetu aliyeishi naye zaidi ya miaka sitini. Bibi hakukasirika. Alikuwa akimjibu "Ndiyo, afande," na babu alitulia. Alifariki alfajiri, mvua ikinyesha, naye bibi akiwa amemshika mguu.

Shida yetu ilianza siku ya mazishi. Katika wasifu uliosomwa mbele ya watu tuliandika kwamba marehemu alikuwa shujaa aliyepigana na Wajapani kwa bunduki mkononi. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyemtunza miaka yote ya mwisho, alinyamaza mpaka wageni walipoondoka, kisha akatuita nyuma ya nyumba na kutuambia kwamba tumemsingizia mzee. Babu alikuwa dereva wa lori, alisema, na hakupata kumlenga mtu bunduki maishani mwake. Wengine katika familia wamechukia, wakiona kwamba anamshusha baba yake hadhi mbele ya kaburi lake.

Tumepanga kulijengea kaburi mwezi wa kumi na mbili, watu watakapokuwa nyumbani kwa Krismasi, na fundi anataka maandishi mapema. Je, tunaweza kupata wapi uthibitisho wa kazi aliyoifanya? Tuna mkebe wa Kimbo wenye vitu vyake vya jeshi, lakini hakuna kati yetu anayejua maana ya vilivyomo. Na je, bibi yetu ana haki yoyote iliyobaki kutokana na utumishi huo?

Mhifadhi Mstaafu (Kakamega)

Mjukuu wangu, poleni sana, wewe na ukoo mzima. Nimefanya kazi miaka mingi katika kumbukumbu za serikali, na familia nyingi zimenijia na swali kama lako, ila kwa kawaida huja baada ya jiwe kuchongwa. Mmefanya vizuri kuuliza kabla.

Anzeni na huo mkebe. Tafuteni nyota ya shaba yenye pembe sita, kisha mtazame utepe wake. Ukiwa wa buluu iliyokolea, wenye mstari mpana mwekundu katikati na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa kila upande, hiyo ni Nyota ya Burma. Kama kuna nyota ya pili ambayo utepe wake umegawanyika sawasawa kwa buluu iliyokolea, nyekundu na buluu nyepesi, hiyo ni Nyota ya 1939 hadi 1945. Ya tatu huenda ikawa ya mviringo, rangi ya fedha, upande mmoja ina kichwa cha mfalme na upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka. Hiyo ni Nishani ya Vita, na ilitolewa kwa kila aliyetumikia jeshi siku 28 au zaidi. Msishangae kutoona jina la babu mahali popote, kwa kuwa nyota za vita ile zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa jina la mtu.

Sasa sikieni jambo ambalo huwatatiza wengi. Nyota ya Burma huthibitisha mahali mtu alipokuwa, haithibitishi alichokuwa akifanya. Aliipata mpishi, aliipata dereva, aliipata mpiga mzinga, mradi alihudumu katika kampeni ya Burma kabla ya tarehe 2 Septemba 1945. Kazi yenyewe mtaikuta katika kitabu cha kuachishwa jeshi ikiwa hakijaliwa na mchwa. Humo huandikwa kikosi, cheo, muda wa utumishi na mara nyingi tabia ya askari kwa neno moja au mawili.

Mkienda kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, msitafute Kakamega wala Lugari. Wilaya yenu wakati huo iliitwa North Kavirondo, na jina hilo halikubadilishwa kuwa North Nyanza mpaka 1948, kwa hiyo mafaili ya miaka ya vita yamepangwa chini ya jina la zamani. Nisiwatie matumaini ya bure: mtakachokipata zaidi ni taarifa za mkuu wa wilaya na barua kuhusu uandikishaji na urejeshaji wa askari, na ni bahati kubwa kukuta jina la askari mmoja. Kwa upande wa Uingereza, shajara za vita za vikosi vilivyokuwa Burma zimo katika hifadhi yao ya taifa huko Kew chini ya alama WO 172. Shajara hizo zinaeleza kikosi kililala wapi na kilisonga lini, lakini askari wa Kiafrika ndani yake mara nyingi ni idadi tu, "waliouawa wawili, waliojeruhiwa watano". Ndiyo maana kitabu cha kuachishwa ni mali kuliko faili lolote.

Kuhusu udereva, naomba nikae kidogo, maana naona kuna watu katika ukoo wenu wanaodhani dereva ni mtu wa nyuma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Bonde la Kabaw kutokea mji wa Tamu mwezi Agosti 1944, katikati ya mvua za monsuni, wakati ambao jeshi lolote lenye nafasi ya kuchagua lingekaa kambini. Bonde hilo lilikuwa na malaria na homa kali inayoletwa na utitiri wa vichakani kiasi kwamba waliopita humo waliliita Bonde la Mauti. Barabara ilikuwa tope tupu. Magogo yalilazwa juu ya tope, lori likapita, magogo yakazama, yakalazwa mengine. Vyakula na risasi vingi viliangushwa kwa miavuli kutoka angani kwa sababu magari hayakuweza kufika, na pale yalipoweza kufika, aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mtu wa namna ya babu yako. Mwanzoni mwa Desemba walifika Kalewa kwenye Mto Chindwin, na mwezi huo huo likawekwa daraja la vyuma linaloelea, lenye urefu wa zaidi ya mita 350, ambalo kwa wakati huo lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake. Muulizeni baba mdogo kama mzee alipata kutaja daraja.

Kama alikuwa dereva, inawezekana hakuwa chini ya King's African Rifles hasa, ambalo herufi zake KAR ndizo zilizotupatia "Keya", bali chini ya East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi na ugavi. Watu wa kwetu waliwaita wote Keya na hakuna ubaya, lakini jiweni mtataka kuwa sahihi.

Mwana wa Keya (Webuye)

Mzee Mhifadhi amesema vizuri, nami sina la kumpinga katika habari za nishani. Ila nina wasiwasi kwamba tukiingoja karatasi ituambie baba zetu walikuwa nani, wengi wao watabaki bila jibu. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa simu za upepo jeshini. Kitabu chake cha kuachishwa kilichukuliwa na mtu aliyedai kuwa anawaandikisha wazee ili walipwe fidia kutoka Uingereza. Alichukua pia shilingi elfu tatu za kila mzee, na hatukumwona tena. Baba alikaa miaka tisa akimngoja. Kila gari geni likiingia kijijini, alivaa koti.

Hapo ndipo mtu huelewa kwa nini hawakusimulia. Waliporudi walikuta kwamba bakshishi ya mwisho wa vita ilihesabiwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu wa cheo cha chini kabisa alipata karibu mara tatu ya Mwafrika wa cheo hicho hicho, kwa kila mwezi wa utumishi. Waliolala katika handaki moja walitenganishwa na mhasibu. Baba alisema jambo hilo mara moja tu, tena kwa kulizungukia. Alisema, "Ruba hakubagua."

Mjukuu, kwetu Bukusu mzee wa namna hiyo akifa hufanyiwa kumuse. Siku ya tatu baada ya kuzikwa, msemaji aliyerithi kazi hiyo husimama na fimbo yake, akatembea mbele ya watu walioketi kimya, akieleza ukoo wa marehemu, aliyoyatenda na hali ya nchi. Yule aliyemsemea baba yangu hakusema baba aliua. Alisema, "Huyu alikwenda mahali ambapo mto hauna jina katika lugha yetu, akarudi, akaoa, akawapa nyinyi jina." Nimesikia hotuba nyingi za mazishi tangu siku hiyo, na bado ile ndiyo ninayoiweza kwa moyo. Sijui kama huko Lugari mlimfanyia mzee wenu chochote cha kimila, lakini kama mlikifanya, maneno yaliyosemwa pale ni ushahidi kama ulivyo utepe.

Namuunga mkono baba mdogo. Mtoto anayemkatalia baba yake sifa isiyo yake anampenda.

Mama wa Lanet (Nakuru)

Mwanangu, pole kwa msiba, na nipe nafasi nikujibu swali la bibi, ambalo naona wanaume wamelipita.

Mimi ni mjane wa mwanajeshi, na nimewasindikiza wajane wengi katika ofisi. Askari wa Kiafrika walioachishwa baada ya vita ile, kwa sehemu kubwa, walipewa bakshishi ya mara moja na hawakuwa na pensheni, kwa hiyo hakuna pensheni ya kumrithisha bibi. Msimruhusu mtu yeyote amwambie vinginevyo ili apate nauli yake. Kilichopo ni msaada wa hisani. Kuna shirika la Uingereza linaloitwa Royal Commonwealth Ex-Services League, lililoundwa mwaka 1921, ambalo huwasaidia maaskari waliotumikia taji kabla ya uhuru pamoja na wajane wao walio katika dhiki, na kwa kawaida hufanya hivyo kupitia vyama vya wanajeshi wastaafu vya nchi zao. Hapa kwetu chama hicho ni DEFOCA. Nendeni wenyewe, mkiwa na nakala za kitabu cha kuachishwa, cheti cha kifo, kitambulisho cha bibi na chochote kinachoonyesha kwamba walikuwa mume na mke. Nasema nakala, kwa sababu ya yale yaliyompata baba wa ndugu yetu wa Webuye. Kitabu chenyewe kisitoke mikononi mwenu hata kwa dakika moja, na hiyo namba ya jeshi msiiandike hadharani.

Msisubiri pia jiwe la serikali ya nje. Tume inayotunza makaburi ya vita, yale mnayoyaona Gilgil na Ngong Road, huhusika na waliofariki wakiwa katika utumishi hadi mwisho wa mwaka 1947. Mzee wenu aliishi karibu miaka themanini zaidi, kwa hiyo jiwe ni lenu.

Halafu umesema bibi alikuwa akimjibu "Ndiyo, afande". Mwanangu, mkae naye huyo mama. Mume wangu alipigana vita vingine na si hivyo, lakini usiku wake niliulala mimi. Bibi yako anayo mengi ambayo babu hakuwaambia ninyi, kwa sababu mtu aliyelala kando ya askari miaka sitini amesikia akiota. Muulizeni taratibu, mkimsaidia kuchambua maharagwe au kazi nyingine ya mikono, msimketishe kwenye kiti na simu ya kurekodi mbele ya uso.

Mwana wa Nam (Kisumu)

Nimesoma yote haya kwa uzito mkubwa, na nataka kuongeza la kwetu. Kaka mkubwa wa baba yangu alikuwa mpiga mizinga. Meli yao, Khedive Ismail, iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki ambao hawakupata hata kuiona Burma.

Babu yangu alipopata habari alikwenda porini, akakata tunda la mwegea, ambalo sisi Waluo huliita yago, lile refu kama mkono wa mtu. Alilichimbia kaburi mahali ambapo mwanawe angezikwa, akalilaza, akalifukia, na watu wakalia kama wanavyomlilia maiti. Kaburi hilo lipo mpaka leo, na nyasi zake tunazikata pamoja na za mengine. Jina la mwanawe huyo limeandikwa pia kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki huko Nairobi, kwa maana yeye, kwa kufa akiwa kazini, alistahili maandishi ya Tume ile. Nilikwenda mara moja nikaliona. Sikuhisi chochote pale, ninasema ukweli, na niliporudi nyumbani nikasimama penye yago, nikalia.

Kwa hiyo ninyi mlio na mwili wa mzee chini ya udongo wenu mna utajiri. Mkitaka kuandika "dereva", andikeni. Ndugu wa baba yangu alikuwa mpiga mizinga na hakufyatua hata mmoja.

Mjukuu wa Lugari (Nakuru)

Wazee wangu, mama, ndugu, nimerudi kutoka nyumbani na ninawashukuru kila mmoja kwa jina lake.

Tulifungua mkebe tukiwa wote, shangazi wote wawili wakiwemo. Nyota zilikuwa mbili, na tepe zake zilikuwa kama Mzee Mhifadhi alivyoeleza, ingawa ile rangi ya chungwa imefifia mpaka karibu iwe ya majani makavu. Simba na joka wapo. Kulikuwa pia na kipande cha kitambaa chenye kichwa cha mnyama ambacho ukoo mzima tuliamini miaka yote kuwa ni nyati. Niliwasiliana na Mzee Mhifadhi nikampelekea picha, akaniambia ni kifaru, na kwamba kichwa cha kifaru ndicho kilichokuwa alama ya Divisheni ya 11. Kitabu cha kuachishwa kilikuwa chini kabisa, kimekunjwa ndani ya karatasi ya unga. Mchwa wamekula pembe, na tarakimu za mwisho za namba zimekwenda na pembe hiyo, kwa hiyo shangazi zangu wataendelea kubishana. Lakini mstari wa kazi unasomeka: dereva.

Baba mdogo hakusema lolote aliposomewa. Alitoka nje, akaketi kwenye kile kigogo.

Bibi nilikaa naye siku mbili, tukitoa mahindi kwenye magunzi, kama Mama wa Lanet alivyonielekeza. Alisema babu alipomchumbia bado macho yake yalikuwa na umanjano, na wasichana wenzake wakamcheka kwamba anaolewa na mgonjwa. Ilikuwa dawa ya malaria, vile vidonge walivyomezeshwa kila siku huko. Nikamuuliza kuhusu daraja. Alisema ndiyo, daraja lilikuwepo, tena lilikuja usiku. Babu aliota akiliendesha lori juu ya kitu kinachocheza chini ya magurudumu, maji meusi pande zote mbili, taa zimezimwa, na mtu mbele yake anatembea kinyumenyume akimwongoza kwa kitambaa cheupe. Usiku wa ndoto hiyo alikanyaga ubao wa kitanda kwa mguu wa kulia mpaka asubuhi. Bibi alikuwa akiushika ule mguu na kumwambia, "Umevuka, afande. Umevuka."

Tulimpa fundi maandishi haya: jina lake, jina la baba yake, kisha "Dereva, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Burma", na chini yake "Alivuka". Neno la mwisho alilitaka bibi. Kabla ya kuchongwa, karatasi tulimpa baba mdogo aikague herufi moja moja, akairudisha akiwa amesahihisha jina la babu yake tu, ambalo sote tulikuwa tukiliandika vibaya.